Msimu Niliomficha Beki wa Kina Penner

6 Septemba, Saskatoon

Darlene kaninunulia daftari. Anasema miaka thelathini na sita ya ndoa amesikia habari nyingi za mabeki wa mkono wa kushoto kuliko habari za wanawe mwenyewe, masikio yake yamejaa, sasa yaliyobaki niyaandike. Haya basi, mke wangu, naandika.

Mimi ni Orest Wasylenko, msaka vipaji. Kazi yangu ni kuzunguka kumbi za barafu za nyanda hizi, kuwatazama vijana wa miaka kumi na saba wakicheza hoki, kisha kuiambia timu yangu, iliyo mbali huko mashariki, nani achaguliwe siku ya uteuzi mwezi wa Juni, timu za ligi kuu zinapochukua vijana kwa zamu, raundi saba, mmoja kila raundi. Ripoti naziandika kwenye kompyuta ya timu na kila mtu ofisini anazisoma. Hili daftari ni langu peke yangu.

Huu ni msimu wa thelathini na wa mwisho. Mkuu wetu, Curtis Lindqvist, kaniambia kwa upole, fimbo ya gofu mkononi: "Mzee Orest, tukimaliza uteuzi wa Juni, kapumzike." Upole wake uliniuma kuliko matusi. Lakini sina kinyongo. Ni wangapi duniani wamelipwa maisha yao yote kutazama mchezo waupendao?

Kwetu kuna desturi. Kwenye kikao cha mwisho kabla ya uteuzi, kila msaka vipaji ana jina moja la kupigia meza. Ukishaipiga kwa kiganja umesema: huyu ni wangu, nikikosea nichekeni. Vijana wangu sita wa meza walifika ligi kuu, wa saba yuko njiani. Nataka wa nane, nikalale.

20 Septemba, Quill Bend

Nimempata. Naandika nikiwa garini, nje ya ukumbi wa timu ya mji huu.

Jezi namba ishirini na saba, beki, Rylan Penner, mtoto wa wakulima wa upande wa Rosthern. Ukimtazama harakaharaka ni gogo tu: mrefu, mabega ya kubebea magunia, na akigeuka kushoto utadhani trela linarudi nyuma. Hayumo kwenye orodha ya mtu yeyote. Ila watu wote macho yao hufuata puki, kile kipande cheusi wanachogombania. Mimi nilifundishwa kumtazama mchezaji wakati puki haiko kwake. Huyu, kabla hajaifuata pembeni, anageuza shingo mara mbili, anajua nani anamjia na kwa upande gani. Ikimfikia haikai, imeshatua kwenye fimbo ya mwenzake. Mchezo mzima sijamwona akipaparika. Kipa wao akafungwa bao la kijinga kabisa, wenzake wakaangalia juu. Yeye akaenda akamgonga kipa miguuni kwa fimbo, akamwambia neno, kipa akacheka.

Miguu inafundishika. Tuna mwalimu wa kuteleza, tuna mtu wa chakula, tuna timu ya daraja la pili ya kumlea miaka mitatu mpaka aive. Ile shingo haifundishiki, mtu anazaliwa nayo.

Sasa kazi ni kumficha.

27 Septemba, Quill Bend

Kumficha kijana ni nusu ya kazi yetu. Ukimpenda mchezaji usiulize habari zake kwa kocha. Usiende kwao. Usiandike kitu akiwa uwanjani. Wasaka vipaji tunakaa mstari mmoja, ishirini wakati mwingine, na kila mmoja anaangalia kalamu ya mwenzake. Wakishajua unamtaka, raundi ya saba uliyoitegemea inageuka ya tatu, na kijana kaenda.

Mimi dawa yangu ni hii: namba ishirini na saba akiingia uwanjani, nainuka. Nachukua kofia yangu ya kahawia, napanda ngazi, nakwenda kununua kahawa kwa Bernice. Pale kwenye kibanda chake kuna jokofu la soda lenye mlango wa kioo, na uwanja wote unaonekana mle ndani. Namtazama kijana kwenye kioo, mgongo nimeupa uwanja. Akitoka, narudi kwenye kiti.

Pembeni yangu anakaa Réal Gaudette wa Saint-Boniface, wa timu nyingine. Miaka ishirini na sita tunakaa kiti kwa kiti. Amelivuta gari langu kwenye mtaro mara tatu, mimi nimelivuta lake mara mbili. Alikuja kumzika mama yangu. Nampenda kama ndugu wa tumbo moja, na huu ukweli simwambii ng'o.

9 Oktoba

Theluji ya kwanza. Chipsi za Quill Bend bado hazina mpinzani mkoani.

25 Oktoba, Quill Bend

Réal kauliza ghafla, macho yake uwanjani: "Namba ishirini na saba unamwonaje?"

"Nani? Lile trela?"

"Mh. Trela."

"Naenda kuchukua kahawa. Nikuletee?"

"Niletee. Lakini mzee, siku hizi una kiu wewe!"

Nikacheka. Nikamsifia kwa sauti beki mwingine, mfupi mmoja wa Moose Jaw ambaye hata bure simchukui. Réal akaandika jina lake. Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nyumbani.

15 Novemba, barabara kuu namba 11

Kimbunga cha theluji. Gari limeingia mtaroni, saa mbili nimekaa nasubiri, kidole kimoja sikisikii. Akapita mkulima na trekta, hata jina hakutaja. Akanivuta, akanipa termosi yake ya supu, akasema, "Irudishe siku yoyote," akaondoka. Sijui hata nairudisha wapi. Nchi hii ingekuwa imeniua mara kumi kama si watu wake.

21 Desemba, nyumbani

Jesse Okemaw kapiga simu. Ndiye wangu wa saba wa meza. Msimu wa tatu sasa tunamlea daraja la pili, na wiki iliyopita wamempandisha timu kubwa. Anasema mwaka wa kwanza walimfundisha kusimama tu! Kusimama, kulala, kula. Mwaka wa pili wakamruhusu kucheza. Alicheka sana. Halafu akasema, "Mzee, unajua ni nini kilinishika? Ile siku ulikuja nyumbani ukala supu na bibi. Nikasema, kumbe mimi ni mtu."

Nilimwambia aache maneno ya kizee. Darlene aliniona nafuta macho, nikasingizia vitunguu.

3 Januari

Mchezo mmoja, mabao tisa, hakuna beki hata mmoja aliyeamka na akili yake.

17 Januari, Quill Bend

Baridi nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri. Mchezo na Prince Albert. Rylan kaanza vizuri mno. Kipindi cha kwanza mtu alifyatua puki lango likiwa tupu, yeye akatupa goti lake mbele, akachechemea, akaendelea. Nimeyaona yote kwenye jokofu la Bernice. Nilipokuwa nashuka ngazi kurudi, yeye alikuwa anaingia benchi. Akainua uso akanitazama. Nikaangalia pembeni haraka.

Kipindi cha tatu kacheza ovyo. Uchovu, nadhani.

7 Februari, Quill Bend

Curtis kaja kwa ndege kumwona. Nikamkalisha mbali na Réal, nyuma ya nguzo. Mimi mwenyewe nikaenda kwa Bernice kama kawaida, ili watu wasishtuke.

Balaa gani ile! Kijana amecheza kama aliyefungwa kamba. Anaipokea puki na kuishangaa. Shingo haigeuki. Mabao mawili yamepita kwake.

Curtis alifuta miwani. "Mzee, ndiye huyu?"

"Ndiye. Leo si yeye."

"Takwimu zake tangu Desemba zinaporomoka."

"Takwimu zako hazijui shingo."

"Shingo," alisema Curtis, kama mtu anayerudia bei ya kitu ghali. Lakini ni muungwana, akaniachia. "Meza ni yako. Ila raundi ya saba, si kabla."

Nimeendesha gari kurudi nikijiuliza huyu mtoto anaumwa nini. Kama ni goti, wangemfunga bandeji. Kama ni mapenzi, yatapita.

22 Februari

Kawekwa benchi mchezo mzima. Nimeshinda kwenye kiti changu, sikuwa na sababu ya kuinuka.

14 Machi

Quill Bend wametolewa mapema, hata mtoano hawakufika. Sasa kazi yangu ni ripoti na kusubiri. Nimeandika yake mara nne nikaifuta mara nne.

29 Machi, Quill Bend

Leo nimechapwa, tena na mwanamke wa kahawa.

Nilipita kuchukua karatasi za timu ofisini kwao. Ukumbi mtupu, barafu inayeyushwa. Bernice alikuwa anaosha birika. Nikamsalimia kwa bashasha, "Mama Bernice, umesalimika na msimu?"

Akaweka birika chini. "Kaa hapo, Orest."

Nikakaa.

"Unajua Rylan anaishi kwangu?"

Sikujua. Vijana wote wa timu hukaa kwenye nyumba za watu wa mji, hiyo naijua, lakini sikuwahi kuuliza yeye anakaa kwa nani. Kuuliza ni kujionyesha.

"Nimemlisha miaka miwili," akasema. "Kaondoka juzi. Hakungoja hata tafrija ya kuagana. Viatu vyake vya barafu kampa binamu yake. Kamwambia kocha, hoki basi, chuo basi, naenda kupanda dengu na baba. Nikamuuliza kwa nini, mwanangu? Unajua kanijibu nini?"

"Sijui, mama."

"Kasema kuna mzee wa kofia ya kahawia. Kila akiingia uwanjani, yule mzee anainuka anaondoka. Mwanzo alidhani bahati mbaya. Akaanza kuangalia. Kila mara! Akauliza wenzake yule ni nani, wakamwambia ni Wasylenko, ana miaka thelathini kwenye hii kazi, hajawahi kukosea. Akaniambia, 'Mama B, kama mtu wa miaka thelathini hawezi hata kuvumilia kuniangalia, nang'ang'ania nini?' Hayo ndiyo maneno yake. Na wewe ulikuwa unakuja hapa hapa, kwenye kaunta yangu, nakumiminia kahawa na tabasamu juu, mtoto wangu anavunjika huko nyuma yako!"

Nikasema, "Mama, nilikuwa namtaka. Nilikuwa namficha."

"Ninyi wanaume," akasema, "mna akili za kuku." Akachukua birika lake akaingia ndani.

Kila kitu sasa kinaonekana. Desemba takwimu zinashuka. Januari kaniangalia. Februari kamba miguuni. Halikuwa goti wala mapenzi. Nilikuwa mimi.

30 Machi

Nimempigia Curtis. Nimemwambia yote, na kwamba nataka kwenda kwao nikamweleze kijana.

"Usiende," akasema.

"Curtis, mtoto ameacha mchezo kwa sababu yangu."

"Sikiliza, mzee. Ameacha, sawa. Aliyeacha haorodheshwi na mtu. Raundi ya saba tunamwokota bila jasho. Akisikia jina lake siku ya uteuzi atarudi mbio, halafu utamweleza upendavyo. Ukienda leo, kesho mkoa mzima unajua. Huko kwenu ng'ombe akikohoa habari zinafika Manitoba."

Ubaya ni kwamba hesabu yake ni sahihi. Hakuna kificho kizuri kama mtu aliyekata tamaa.

12 Aprili

Sijaenda.

19 Aprili

Sijaenda. Theluji imeanza kuoza. Najiambia barabara mbaya.

3 Mei

Naona aibu kuandika hapa, kwa hiyo sikuandika. Mwezi mzima nimekaa na maneno ya Curtis na yalikuwa yananifaa. Nilimwona wa nane akivaa jezi yetu, nikajiona mimi nikipigwa makofi ya kuagwa. Kijana mwenyewe sikumwona kwenye ile picha, jezi tu.

Leo Darlene kaniuliza mezani, "Yule mtoto wa Rosthern vipi?" Nikamwambia mpango wa Curtis. Akaweka uma chini.

"Miezi mitatu anaamka kila siku akijua hafai, ili wewe umpate kwa raundi ya saba?"

"Ni kazi, Darlene."

"Mficha uchi hazai, Orest. Na wewe hufichi uchi wako, unaficha wa mtoto wa watu. Kesho uoge, uvae shati safi, uende."

"Kesho Jumapili."

"Basi keshokutwa. Mungu atakungoja mpaka keshokutwa, si zaidi."

Nimeoa vizuri. Nalisema hili sasa, nilipaswa kulisema mara nyingi.

5 Mei, shamba la kina Penner

Mama yake, Verna, alinifungulia mlango. Akaitazama kofia, akanitazama mimi.

"Wewe ndiye yule."

"Ndiye mimi, mama."

"Viatu vua hapo. Umekula?"

Watu hawa! Nimekuja nimemvunja mwanawe, ananiuliza kama nimekula. Akaniwekea soseji iliyokaushwa kwa moshi na vitumbua vyao vya jibini vilivyochovywa mchuzi wa maziwa. Mimi ni Mukraini, mama yangu angesema hivyo ni vyetu na hao Wamenno, watu wa dini ya kina Penner wenye asili ya Kijerumani, wametuibia. Nilikula sahani mbili. Nilikuwa naogopa sana.

Rylan yuko shamba la nyuma anapanda. Verna akanipeleka kwa gari lake la mizigo, akaniteremsha kando ya udongo mweusi, akaondoka. Trekta lilifika mwisho wa mstari, likasimama. Akashuka, vumbi mpaka kope.

"Umepotea njia, mzee?"

"Sijapotea. Nimekuja kwako."

"Leo hukimbii?"

Nikavua kofia. Nikamwambia. Nimezoea kuzungumza na watoto wa umri wake, nina maneno yangu ya kuchekesha ya kuanzia, leo hayakuja hata moja. Nilimwambia tangu Septemba nilikuwa namtaka kuliko mchezaji yeyote nyanda hizi zote, kwamba niliinuka ili wengine wasijue, kwamba ndivyo tunavyofanya, na kwamba sikuwahi kufikiri yeye ana macho.

Alisikiliza akipangusa mikono kwa kitambaa kilicho kichafu kuliko mikono.

"Kwa hiyo ulinipenda kwa kunipa mgongo," akasema.

"Ndiyo."

"Michezo yote ile."

"Nilikuja thelathini na mmoja."

"Najua. Nilikuwa nakuhesabia."

Nikaikunja kofia mkononi.

"Waongo ninyi," akasema, sauti imeanza kupanda. "Mama B kakuambia naumia, umekuja kunipa pipi. Januari, mchezo na Prince Albert, nilifanya nini? Hukuwepo, ulikuwa juu unakunywa kahawa yako."

Nikatoa hili daftari mfukoni. Nikamsomea Januari kumi na saba, goti, lango tupu, kuchechemea. Nikamwambia habari ya jokofu la soda. Nikamsomea Septemba ishirini, yote, shingo na kipa na gogo na trela. Kwenye trela alitaka kucheka akajizuia.

Nilipomaliza alikuwa amegeuka upande wa pili, anaangalia mistari yake ya dengu. Mabega yanapanda na kushuka.

"Mara moja tu, mzee," akasema. "Ungesahau mara moja tu, ukakaa kwenye kiti chako."

"Nisamehe, mwanangu."

Hakusema amenisamehe. Akasema, "Nina ekari mia nne za kumaliza kabla ya mvua." Akapanda trekta lake. Nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani kwao nilikoacha gari, kilomita mbili, nikashukuru kwa kila hatua kwamba angalau nimekuja.

8 Mei

Réal kapiga simu. Siku tatu tu! Curtis alisema kweli kuhusu ng'ombe na kikohozi.

"Nasikia ulikwenda kula vitumbua Rosthern."

"Nani kakuambia?"

"Fundi wa trekta kamwambia shemeji yangu. Orest, nilimkata kijana kwenye orodha yangu Aprili, niliposikia kaacha. Sasa nasikia mzee mzima anamtembelea."

"Ulikuwa naye kwenye orodha?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Tangu Novemba! Bwana wee, miaka ishirini na sita nakujua, kahawa inakupa kiungulia. Ghafla unanunua vikombe nane kwa mchezo mmoja, unavimwaga kwenye pipa la takataka. Nikajiuliza, huyu anamkimbia nani? Nikaanza kumtazama unayemkimbia. Kizuri chajiuza, ndugu yangu."

Nilimkatia simu. Halafu nikampigia tena, nikamuuliza mkewe hajambo.

Msimu mzima nimemuumiza mtoto kwa siri ambayo haikuwa siri.

31 Mei

Verna kapiga simu: "Kamaliza kupanda jana. Leo asubuhi kaenda kwa binamu yake kuchukua viatu." Basi, hilo tu. Nilimshukuru mara nyingi mpaka akaaga yeye.

6 Juni

Mvua nzuri. Dengu za watu zitaota.

16 Juni, ofisini kwa timu, mashariki

Kikao cha mwisho. Ilipofika zamu yangu nilisimama, nikasema, "Rylan Penner," nikaipiga meza mpaka glasi ya mtu ikamwagika. Vijana wa takwimu waliruka. Nikaomba raundi ya sita, nikaeleza kwamba Réal anamjua.

"Ya saba," akasema Curtis. "Ndivyo tulivyokubaliana. Na, mzee, usingekwenda kule shambani, hata wasiwasi huu tusingekuwa nao."

"Nisingekwenda, ungekuwa na jina kwenye karatasi," nikamwambia. "Kijana usingekuwa naye."

28 Juni, hoteli ya uteuzi

Naandika hotelini, mambo yameisha, nataka kuyaweka yalivyokuwa.

Raundi ya sita tulikaa mezani tumevaa suti, skrini ukutani. Zamu yetu ilipokaribia nilimwinamia Curtis. "Sasa. Nakuomba." Akatikisa kichwa. Tukamchukua kipa mmoja wa Ufini, mtoto mzuri, sina neno naye. Timu nne baadaye ikaja zamu ya timu ya Réal. Nilijua kabla hawajasema. Mtu wao akasogelea kipaza sauti, akatamka Rylan, halafu Penner, halafu Quill Bend.

Mezani kwetu hakuna aliyeniangalia. Curtis akaweka mkono begani kwangu na safari hii upole wake haukuniuma. Akasema, "Kosa ni langu," na nitalikumbuka hilo kwa wema.

Simu ikatetemeka. Réal: *Usinichukie.* Nikamjibu: *Nakuchukia mpaka Jumatatu.*

Nikatoka koridoni. Nikapiga namba ya kina Penner. Iliita sana. Nyuma ya kelele za watu wanaopiga makopo na mama anayelia kwa Kijerumani chao, sauti ya Rylan ikaja.

"Mzee Orest?"

"Hongera, mwanangu. Hongera sana."

"Asante." Akatembea, nikasikia mlango ukifungwa na kelele zikabaki nyuma. "Nilikuwa nangoja jina la timu yako."

"Nami nilikuwa naingoja itaje lako. Sikukupata."

"Lakini uliomba?"

"Nilipiga meza nikamwagia watu maji."

Mtu akamgongea mlango, akamwambia angoje.

"Pole, mzee," akasema. "Pole sana."

Miaka thelathini, kila siku ya uteuzi, nimekaa kwenye korido kama ile nikiwapa pole vijana walioachwa. Nina sauti maalum kwa kazi hiyo. Sijawahi kupewa pole na mtu yeyote, na huyu ndiye niliyempa mgongo michezo thelathini na mmoja. Nililia pale pale, suti na yote, mhudumu wa hoteli akapita na mkokoteni akajifanya haoni. Sijawahi kupoteza mchezaji nikashukuru hivi.

"Uko?" akauliza.

"Nipo. Una kalamu?"

"Ya nini?"

"Tafuta kalamu, kaa chini. Julai watakuita kambini kwao, watakutesa kwa kule kugeuka kushoto. Wasikutishe. Tuanzie Septemba ishirini, nikuambie kila nilichokiona."

Akaenda kutafuta kalamu. Mlango wa chumba cha uteuzi ukafunguka, Curtis akachungulia, akaniashiria kwamba raundi ya saba imeanza na wananihitaji mezani. Nikamwonyesha kiganja asubiri, nikampa mgongo, nikaendelea kuzungumza na kijana.